Dume la Korosho

Kwanza tafuta mchanga ulionyeshewa jana.
Si ule wa barabarani hapa Kakuyuni, umejaa vumbi,
korosho haisimami humo, inalala kama mlevi.
Nyuma ya banda la Thoya ulikuwepo mzuri,
mwekundu, umeshikana kidogo.

Kila mtu anasimamisha zake mbili,
tumbo limwangalie mpigaji, mgongo uangalie shamba,
safu moja, upana wa kidole gumba kati ya hii na hii.
Ya mwisho mkono wa kulia ndiyo kichwa.
Ukiangusha kichwa, safu nzima yako.
Ukiangusha ya katikati, unachukua kuanzia hapo kwenda kushoto.
Ukikosa, unanyamaza, unarudi nyuma ya mstari.
(Kunyamaza si sheria, naongeza mimi.
Kahindi hakunyamaza hata siku moja.)

Halafu dume.
Dume ni ile korosho moja uliyoichagua katika gunia zima,
ukalala nayo, ukaisugua kwa mafuta ya nazi
mpaka ikang'aa kama goti la mtoto aliyeogeshwa.
Ni marufuku kuitoboa.
Mwaringa aliitoboa, akamimina risasi ya betri kuukuu,
akaziba kwa nta, akatutesa wiki mbili,
hadi dume lake lilipoangukia sinia la mama yake
likalia ngwee!
Korosho hailii hivyo.

Nyevu hakutoboa kitu.
Hata hakualikwa. Alikuja akimtafuta mbuzi wa kwao,
akasimama, kamba mkononi, akatutazama tukikosa.
"Mnaangalia korosho, ndiyo maana."
"Tuangalie nini basi, macho yako?"
"Mchanga ulio nyuma yake."

Siku ile nilikuwa na korosho arobaini na tatu,
na hata moja haikuwa yangu.
Zilitoka gunia la baba, lililokwisha kushonwa
kwa ajili ya mnunuzi wa Jumanne;
nilizichomoa konani kwa kidole, mojamoja,
kama panya anayejua hesabu.

Hatua tisa. Mguu wa kulia mbele, kwa kuwa yeye ni wa shoto.
Kiwiko kimetulia ubavuni.
Dume halirushwi juu kama jiwe la kufukuzia ngedere,
linapita chini, linakaribia kuugusa mchanga
na haliugusi.
Tak.
Kichwa.
Tak.
Kichwa tena.
Kahindi akasema ni upepo.
Upepo gani, na majani ya mkanju yamelala?

Nilipoishiwa nikaweka dume langu lenyewe kwenye safu.
Usinitazame hivyo. Ungeliweka hata wewe.

Usiku sikula.
Baba alikohoa upande wa pili wa ukuta,
na katika kila kikohozi nilisikia mizani ikishuka.

Jumanne asubuhi gunia limenona.
Kona imeshonwa upya kwa ukili,
mishono yote inapanda kinyume,
kama iliyoshonwa na mtu aliye ndani ya kioo.
Mnunuzi akapima, akapima tena,
likazidi robo kilo.
Baba akamshukuru Mungu.
Mimi nikamtazama Kahindi, nikajua hiyo robo ni ya nani.

Nikamfuata Nyevu kisimani.
"Umerudisha?"
"Nimerudisha nini?" akasema, akajitwika ndoo,
akaniacha na matone ya maji mavumbini.

Haya, shusha bega, mwanangu.
Hilo jiwe umelishika kana kwamba unataka kuua.
Na hiyo korosho usiimenye kwa meno,
ganda lake litakubabua midomo uende shule na aibu.
Mimi naweza kukufundisha sheria tu.
Kulenga, kamuulize mama yako, yuko jikoni,
na ukifika umwambie
anirudishie dume langu.